Sura ya Sita: Vumbi Lisilo na Dohani

Kinywe ni kaboni tupu. Hata asiyewahi kuuona mwamba wake amekishika mara nyingi tangu darasa la kwanza, kwa kuwa ndicho kilichomo ndani ya penseli. Jiwe la kinywe likiokotwa kwenye vilima vya Ruangwa na kusuguliwa kwa dole gumba, dole hubaki jeusi, lenye mng'ao wa chuma na utelezi kama wa grisi. Maji matupu hayaling'oi doa hilo. Hata baada ya sabuni, mistari ya ngozi hubaki imechorwa kama ramani. Mng'ao na utelezi huo vinatokana na jinsi kaboni ilivyojipanga: tabaka juu ya tabaka, kila moja limeegemea jirani yake bila kushikamana naye sana. Kwa hiyo kinywe kikisagwa hakitoi punje za mviringo, hutoa magamba. Gamba hukawia kuanguka kuliko punje ya uzito uleule, kama jani linavyokawia kuliko kokoto.

Madini haya yaliingia katika historia ya nyuklia mapema. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia duniani. Kilikuwa rundo la matofali ya kinywe yaliyopangwa kwa mikono, urani ikiwa imepachikwa katikati, na kazi ya kinywe ilikuwa kupunguza mwendo wa nyutroni. Kinywe kilikuwemo pia katika kinu cha Windscale, Uingereza, kilichoshika moto Oktoba 1957, na katika kile cha Chernobyl kilicholipuka Aprili 1986. Kwa ajali kama hizo, neno nyuklia likitajwa watu hufikiria mnururisho, yaani mionzi, peke yake. Ni jambo la kueleweka, ila linaficha upande mmoja wa habari: kinu cha nyuklia nacho kina moshi wa kawaida kabisa, na moshi huo una sheria zake.

Kinu hakichomi kuni wala makaa, na mvuke mweupe unaoonekana juu ya minara mikubwa ya kupozea ni maji. Hata hivyo karibu kila kituo kina jenereta za dizeli za dharura, kubwa, za megawati kadhaa kila moja, kwa sababu kinu kilichozimwa huendelea kutoa joto na pampu za kukipoza hazina ruhusa ya kusimama. Huko Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, mawimbi ya tsunami yalizima karibu jenereta zote za kituo, na vinu vitatu vikayeyuka. Baada ya hapo Ufaransa iliamua kuongeza jenereta nyingine ya dharura kwa kila kinu chake. Mashine hizi huwashwa mara kwa mara kujaribiwa, na kila zinapowashwa hutoa oksidi za naitrojeni, masizi na kaboni monoksidi, sawasawa na jenereta ya hoteli au ya hospitali. Vituo vingine vina boila za akiba zinazotumia mafuta. Minara ya kupozea nayo hurusha matone madogo, na maji yakishakauka hewani chumvi yake hubaki ikielea kama vumbi jembamba. Swichi za umeme wa msongo mkubwa zina gesi ya heksafloridi ya salfa, ambayo kilo moja yake ikivuja hupasha dunia joto kuliko kilo 23,000 za kaboni dioksidi. Koeberg ya Afrika Kusini, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika, hupozwa kwa maji ya bahari. Haina minara hiyo, lakini jenereta za dizeli inazo.

Kwa jumla kiasi hicho ni kidogo. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi lilikadiria mwaka 2014 kwamba umeme wa nyuklia, ukihesabiwa tangu uchimbaji hadi kubomoa kituo, hutoa gramu 12 hivi za kaboni dioksidi kwa kila kilowatisaa, wakati makaa ya mawe hutoa 820. Marekani huutendea udogo huo kwa namna yake: jenereta ya dharura huruhusiwa saa 100 kwa mwaka za majaribio na matengenezo. Nchini humo kituo kimoja kina wasimamizi wawili. Tume ya nyuklia inaangalia mnururisho, na mamlaka ya mazingira pamoja na majimbo yanaangalia moshi.

Tanzania haina kituo cha umeme wa nyuklia, lakini mgawanyo huo wa kazi inao tayari. Mionzi iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, inayofanya kazi kwa Sheria Namba 7 ya 2003. Moshi na vumbi viko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo utekelezaji wake uliwekwa mikononi mwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kusini mwa nchi sheria zote mbili zina kazi ya kufanya. Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna urani ya Mto Mkuju, ambako Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio Julai 2025. Mashariki yake, mkoani Lindi, Ruangwa na Nachingwea zina kinywe. Urani imejadiliwa miaka mingi kwa sababu ya mionzi yake. Kinywe hakina jina baya, na madini yasiyo na jina baya huchimbwa bila watu kuuliza mengi.

Mgodi wa Lindi Jumbo, ulioanzishwa na kampuni ya Walkabout Resources ya Australia, uko Matambarale wilayani Ruangwa na ulisanifiwa kutoa tani 40,000 za kinywe kwa mwaka. Mradi wa Nachu, katika wilaya hiyohiyo, uliandikwa kwenye makaratasi kwa tani 240,000. Chilalo nao ni wa ukanda huohuo, na kampuni yake ilitia saini makubaliano na serikali Aprili 2023. Soko ni betri za magari ya umeme, ambazo kila moja hubeba makumi ya kilo za kinywe. Tena China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilianza kudai vibali vya kuuza kinywe nje tarehe 1 Desemba 2023, na wanunuzi wakazidi kutazama Afrika Mashariki.

Njia ya kinywe kutoka ardhini hadi kirobani ina vituo vingi vya vumbi. Kwanza mwamba hulipuliwa na kuchotwa. Mwamba wa Nachu una kinywe cha asilimia tano hivi, maana yake tani moja ya kinywe hudai tani ishirini za mwamba. Zile tani kumi na tisa nyingine si hewa tupu. Ndani yake kuna madini ya kwazi, na vumbi la kwazi likiwa jembamba vya kutosha hukaa ndani ya mapafu na kuyakakamaza. Wachimbaji wa dhahabu wa Johannesburg waliujua ugonjwa huo, silikosisi, zaidi ya miaka mia iliyopita, na hauna dawa. Baada ya kuchotwa mwamba huingia kwenye karasha, kisha kwenye vinu vya kusagia ambako maji huongezwa na vumbi hukoma kwa muda. Kinywe hakipendi maji. Hujishika kwenye mafuta na mapovu, huelea, na huenguliwa juu kama utando wa maziwa. Kufikia hapo kazi ni ya matope.

Shida hurudi kwenye kikaushio. Utando ule hupitishwa kwenye pipa refu linalozunguka, lenye moto wa dizeli au gesi, ukatoka ukiwa unga mkavu. Unga huo huchekechwa kwa ukubwa wa magamba, kwa kuwa gamba kubwa huuzwa bei kubwa, kisha hujazwa kwenye viroba vya tani moja. Katika kuchekecha na kujaza, kila mshono uliolegea ni mlango wa vumbi. Magamba yale yanapitisha umeme, hivyo hata masanduku ya swichi na mota hulazimika kufungwa barabara, vinginevyo vumbi lenyewe huunganisha nyaya. Mitambo mizuri huwekwa mifuko mikubwa ya kitambaa inayochuja hewa kabla haijatoka kwenye dohani. Mifuko ikiwa mizima hunasa karibu kila kitu. Ikitoboka, dohani huandika nyeusi angani na yeyote aliye kijijini huisoma.

China imekwisha kuonyesha mambo yanavyokuwa mifuko inapopuuzwa. Wakazi wa jirani na viwanda vya kinywe vya Jixi na Pingdu walilalamika kwa miaka kuhusu vumbi linalomeremeta usiku, juu ya mazao, madirisha na hata chakula mezani. Si sumu kali inayoua siku hiyohiyo. Ni uchafu wa kila siku, na kwa mwenye pumu au mtoto mchanga uchafu wa kila siku unatosha.

Kanuni za Ubora wa Hewa za Tanzania zilitolewa mwaka 2007 chini ya sheria ya 2004. Kwa chembe zisizozidi mikromita 10, yaani kama sehemu ya saba ya unene wa unywele, zinataka wastani wa saa 24 usivuke mikrogramu 60 hadi 90 katika mita moja ya ujazo. Kikomo chenye ncha mbili ni kikomo cha ajabu, kwa kuwa mkaguzi na mkaguliwa wanaweza kukisoma kila mmoja kutoka upande wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, limeweka 45 kwa chembe hizo, na 15 kwa zile ndogo zaidi za mikromita 2.5, ambazo ndizo zinazofika chini kabisa ya mapafu.

Viwango vya dohani katika kanuni hizo vina tatizo la namna nyingine. Vimeandikwa kwa kuangalia mitambo mikubwa ya kuchoma mafuta, kuanzia megawati 50 za joto. Jenereta ya mgodi inayotoa megawati moja ya umeme hula mafuta yenye joto la megawati mbili na nusu hivi, na kikaushio cha kinywe si kikubwa sana kuliko hapo. Mitambo kama hii inapita chini ya mstari, kama dagaa katika wavu wa changu. Kinachoibana ni cheti cha mazingira, kinachotolewa baada ya tathmini ya athari, pamoja na masharti yaliyoandikwa humo: mara ngapi vumbi lipimwe, wapi, na taarifa ipelekwe kwa nani. Afya ya walio ndani ya uzio iko chini ya sheria nyingine, ya usalama mahali pa kazi ya 2003, na wakala wake OSHA. Kwa hiyo pumzi ileile ya hewa ina msimamizi mmoja ndani ya geti na mwingine nje yake.

Na sehemu kubwa ya vumbi haitoki kwenye dohani yoyote. Hutoka barabarani. Lori lenye viroba likipita kwenye njia ya udongo mwezi wa Septemba, matairi husaga udongo kuwa unga na upepo wa kusi huuchukua. Jioni mtu akipitisha kidole juu ya meza ya genge la kando ya njia, huacha mfereji. Boza la maji hutuliza kwa saa chache tu, kisha jua la Lindi hukausha kila kitu, na maji yenyewe wakati huo wa mwaka ni ya kugombaniwa. Kupunguza mwendo wa magari hufanya kazi vizuri kuliko inavyodhaniwa, lakini dereva anayelipwa kwa safari hana sababu ya kupenda kibao cha kilomita 30. Dawa ya kweli ni lami, na ndiyo maana kipande cha barabara kutoka Nanganga hadi Ruangwa ni mradi wa hewa safi hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Nachingwea iliwahi kuliona vumbi la mashine kabla ya hapo. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta huko mradi wa karanga, pamoja na ule wa Kongwa na Urambo, wakafyeka miombo kwa matrekta na kujenga reli kutoka pwani. Karanga hazikulipa, mradi ukavunjwa, na reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Wakati ule hapakuwa na kanuni yoyote ya hewa. Miti ilirudi polepole, na baadaye ikaja mikorosho.

Mikorosho ndiyo inayoleta wingu kubwa kuliko migodi yote kwa sasa, na wingu hilo ni la manjano. Tangu ugonjwa wa ubwiriunga ulipoenea, wakulima wa Lindi na Mtwara wamepulizia salfa ya unga, kwa maelekezo ya kituo cha utafiti cha Naliendele. Kazi huanza alfajiri, umande ukingali kwenye majani ili unga unate, na kabla upepo haujaamka. Mpuliziaji hubeba mashine yenye injini mgongoni, huelekeza bomba juu, na kwa sekunde chache mkorosho mzima hupotea ndani ya ukungu. Ukungu ukishatawanyika, nyusi zake ni za manjano, na macho yanamwasha mpaka saa nne. Wengi hufunga kitambaa puani. Kitambaa huzuia punje kubwa, nyembamba hupita.

Hesabu yake inafaa kufanywa. Kiasi kinachoshauriwa ni gramu 250 kwa mti kwa mzunguko mmoja, na mizunguko hufika mitano kwa msimu. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hekta moja ina miti 69, basi hupokea karibu kilo 86 za salfa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa tangu 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kwa kipimo hicho lita moja ya dizeli ina miligramu 42 hivi, na mkorosho mmoja kwa asubuhi moja hupewa salfa ya karibu lita 6,000 za dizeli. Mlinganisho huu una mipaka: salfa ya dizeli huungua na kuwa gesi kali ya dioksidi, ile ya mkorosho hubaki unga, huwasha macho na koo, kisha huanguka. Lakini haipotei. Watafiti wa udongo wameonyesha kuwa mashamba yaliyopuliziwa miaka mingi yamekuwa na asidi zaidi. Kanuni za 2007 haziigusi, kwa sababu mkulima si kiwanda na bomba la mashine yake si dohani.

Kwenye dhahabu ya wachimbaji wadogo hali ni hiyohiyo. Namungo, kijiji cha Ruangwa ambacho wengi wanakijua kwa timu ya mpira, kina dhahabu. Dhahabu ndogondogo kwa kawaida hukamatwa kwa zebaki, na mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki iruke. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huingia kwenye damu kupitia mapafu, na mikono ndiyo huanza kutetemeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na kifaa rahisi cha kunasa mvuke, mfano wa chungu chenye mfuniko na bomba linalopita majini, hurudisha sehemu kubwa ya zebaki mikononi mwa mwenyewe. Hicho ni kichujio kinacholipa gharama yake, jambo ambalo mifuko ya kikaushio haiwezi kujivunia.

Chanzo kingine kisicho na dohani kiko jikoni: mafiga matatu na kuni mbichi hutoa moshi kuliko vyote hivi kwa mtu aliyeinama juu yake. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Kazi ya mkaguzi wa hewa Ruangwa basi ni tofauti na ya mwenzake wa Koeberg. Yule ana mabomba machache yanayojulikana, na anachopima ni kidogo. Huyu ana dohani moja au mbili, na nyuma yake kilomita za njia ya udongo, maelfu ya mikorosho na mashimo ya Namungo. Kipimo chake kikiwekwa juu ya dohani peke yake kitasoma vizuri mwaka mzima huku wanakijiji wakikohoa. Mahali pake pa kwanza ni kando ya barabara, karibu na shule, katika miezi ya Juni hadi Oktoba. Kipimo cha kwanza kabisa kilipaswa kuchukuliwa kabla mgodi haujaanza, ili siku ya mabishano ijulikane vumbi gani lilikuwepo na lipi limeletwa.

Malalamiko ya kusini hupelekwa ofisi ya mamlaka ya mazingira ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Kifungu cha 4 cha sheria ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kuidai haki hiyo mahakamani.